Gari Lisilo na Injini, na Mteremko wa Ngorongoro

Wasikilizaji wetu, mtu akiambiwa kwamba yako magari yasiyo na injini, yasiyovutwa na ng'ombe wala kusukumwa na watu, nayo hukimbia kadiri ya kilomita 58 kwa saa juu ya njia ya mbao, yamkini atadhani ni hadithi ya watoto. Walakini ni habari ya kweli. Magari hayo yako Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, katika bustani ya michezo iitwayo Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843. Njia yenyewe, iitwayo Rutschebanen, ilianza kazi mwaka 1914, na hata leo watu huipanda kwa furaha.

Asili ya mchezo huu ni baridi ya Urusi. Zamani watu wa huko walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza juu yake. Baadaye magurudumu yalichukua mahali pa barafu. Na mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua njia ya namna hiyo huko Coney Island, New York.

Tazameni sasa jinsi ifanyavyo kazi. Mtambo huyavuta magari polepole hata kileleni, kisha huyaachilia. Mpanda ngazi hushuka, nayo magari huanza kushuka. Tangu hapo nguvu yao ni kimo kile walichopandishwa. Kila mita wanayoshuka hugeuka kuwa mwendo, na kila mita wanayopanda tena hula mwendo. Kitu kikishuka mita 10 pasipo kizuizi, hupata mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kikishuka mita 20, hupata 71. Uzito wake haubadili hesabu hiyo.

Je, ni nani ayazuiaye yasipite kiasi? Huko Tivoli, katika kila msafara wa magari hukaa mtu mmoja mwenye kushika breki. Yeye aijua kila kona, na kazi yake ni kupunguza mwendo kabla haujazidi.

Basi, mambo hayo yatuhusu nini sisi wa Karatu? Yatuhusu sana, kwa maana tunao mteremko mkubwa kuliko ule wa Tivoli. Toka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro hata chini ni kadiri ya mita 600. Magari yashukayo toka ukingoni hata chini hubeba kimo hicho chote. Kama gari lingeshuka hapo pasipo breki, wala upepo, wala msuguano wowote, lingefika chini kwa mwendo wa kilomita 390 kwa saa.

Gari halifiki kwa mwendo huo, kwa kuwa nguvu ile hugeuzwa kuwa moto. Na moto wenyewe si haba: gari la tani 2 likishuka mita 600 hutoa moto wa kutosha kuchemsha lita 35 za maji, yaani karibu madebe mawili. Dereva akikanyaga breki toka juu hata chini, sehemu kubwa ya moto huo huingia katika vyuma vya breki. Vikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na mguu hukanyaga bure.

Kwa hiyo dereva mwenye busara huingiza gea ya kwanza au ya pili akiwa bado juu, ili injini yenyewe ilizuie gari. Nayo breki huigusa kwa vipindi, ipate kupoa. Hazimi injini wala haachi gari lishuke pasipo gea ili kuokoa mafuta. Na wewe mwenye baisikeli iliyopakiwa gunia la mahindi, punguza mwendo mwanzo wa mteremko, maana katikati yake umekwisha chelewa. Kama mteremko ni mkali, shuka uikokote. Kimo ulichokipanda kwa jasho lazima ukirudishe. Kirudishe kidogo kidogo, ufike nyumbani salama.