Maharagwe 100 Yanavyofundisha Bajeti Darasani

Mzazi aliyesoma GHC enzi za 8-4-4 atakumbuka jinsi alivyokariri majina ya mito na milima, kisha akayasahau mtihani ulipokwisha. Katika Mtaala wa Umilisi, somo la Elimu ya Jamii linamtaka mwanafunzi atende, si akariri tu. Je, atatenda nini iwapo shule haina vifaa?

Jibu moja ni maharagwe.

Mwalimu anagawa darasa katika vikundi vya wanafunzi watano. Kila kikundi kinapewa punje 100, ambazo ni bajeti ya kaunti, na karatasi yenye visanduku sita: afya, maji, barabara, kilimo, chekechea na madarasa ya shule ya msingi. Baada ya kugawa punje, kila kikundi kinaeleza kwa nini, kwa mfano, barabara zimepata 30 na maji 15. Wenzao wanauliza maswali. Anayetaka maji yaongezewe sharti aseme atapunguza wapi.

Mwishowe mwalimu anaondoa punje zote zilizowekwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Wanafunzi watalalamika, na hapo ndipo somo linapoingia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, lakini shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Hata sisi watu wazima huchanganya mambo haya, tukapoteza siku nzima kupeleka malalamiko katika ofisi isiyohusika.

Zoezi hili lisiishie darasani. Mtoto akikuuliza nyumbani ni nani anayesimamia kisima au zahanati ya kwenu, usimwambie akasome kitabu. Tembeeni naye hadi pale, kisha mtafute jibu pamoja.

Makadirio halisi ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kifungu cha 196 cha Katiba pia kinalitaka Bunge hilo kufanya vikao vyake hadharani. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wajionee mjadala anaweza kumwandikia mapema Karani wa Bunge la Kaunti.

Mwanafunzi wa Gredi ya 4 leo atapiga kura baada ya miaka minane hivi. Ni heri aanze kuuliza maswali sasa.