Kaboni ya Kongo imekalia maji

Tukizungumzia misitu na mabadiliko ya tabianchi, maneno yetu karibu yote huishia kwenye miti: ipandwe, isikatwe. Sina ubishi na hilo. Lakini katikati ya bonde la mto Kongo, kuanzia upande wa Mbandaka, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi ng'ambo ya mto katika Jamhuri ya Kongo, hazina kubwa iko chini ya miti. Pale kuna vinamasi vyenye mboji vinavyofikia kilomita za mraba 167,000 hivi, zaidi ya mara sita ya Rwanda nzima. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yanasema mboji hiyo ina tani bilioni 29 za kaboni. Kiasi hicho kinakaribiana na kaboni yote iliyomo katika miti ya misitu ya bonde zima, na dunia ingehitaji miaka mitatu hivi ya kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe ili kuitoa nyingi namna hiyo.

Kaboni hiyo imefikaje huko? Mmea huvuta hewa ukaa kupitia majani yake, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa sukari, kisha jani, shina na mzizi. Jani likidondoka kwenye ardhi kavu ya kitropiki, halichukui muda: mchwa, kuvu na bakteria hulishambulia, na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi hewani. Kinamasini, maji yaliyotuama hayana oksijeni ya kutosha na tena ni machachu, kwa hiyo waozeshaji hao hushindwa kumaliza kazi. Majani ya miwale, matawi na mizizi hurundikana yakiwa yameoza nusunusu, tabaka juu ya tabaka. Kwa wastani mboji ya Kongo ina kina cha karibu mita mbili, nayo ilianza kujikusanya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Piga hesabu: ni sentimeta mbili hivi kwa karne.

Ramani ya kwanza ya mboji hiyo ilichapishwa mwaka 2017 tu. Greta Dargie na Simon Lewis wa Uingereza, wakiwa na wanasayansi wa Kongo kama Suspense Averti Ifo wa Brazzaville na baadaye Corneille Ewango wa Kisangani, ndio waliokuwa mstari wa mbele. Satelaiti huonyesha penye maji na aina ya msitu, lakini kina cha mboji hakipimiki kutoka angani. Lazima mtu aingie kwenye tope na kusukuma chini kwa mikono chuma kirefu chenye kikombe cha nusu duara. Kinachopanda ni kipande cha nusu mita, cha rangi ya kahawia iliyokolea, kinachuruzika maji, na ndani yake nyuzi za mizizi na vipande vya mti bado vinatambulika. Kisha chuma kinashushwa tena, chini zaidi. Mahali pengine walikaribia mita sita.

Vipande hivyo vina habari isiyofurahisha. Walipopima umri wa kila tabaka, watafiti walikuta pengo: mboji ya kati ya miaka 7,500 na 2,000 iliyopita karibu haipo. Nta ya majani ya kale iliyobaki kwenye tope inaonyesha kwamba ndani ya kipindi hicho mvua zilipungua. Maji yakashuka, hewa ikaingia, na mboji iliyokuwa imelala maelfu ya miaka ikaoza. Hapakuwa na shoka wala tingatinga. Ukame peke yake ulitosha.

Ndiyo maana nashika kichwa nikisikia kinamasi kikiitwa ardhi isiyo na kazi. Vinamasi vyenyewe si malaika, kwa kuwa hutoa methani, gesi inayopasha joto kwa nguvu zaidi kuliko hewa ukaa. Ila vikikauka, hasara ni kubwa zaidi. Indonesia ilichimba mifereji kukausha mboji yake ili ipande michikichi na akasia. Mwaka 1997, na tena 2015, moto ukaingia ardhini ukafuka kwa miezi, na moshi ukavuka bahari hadi kwenye mapafu ya watu wa Singapore na Malaysia.

Kongo bado haijafika huko, lakini vinamasi vyake hutegemea zaidi mvua kuliko mafuriko ya mto, na kati ya 1988 na 2013 kiangazi katika bonde hilo kilirefuka kwa siku 6 hadi 10 kila muongo. Mvua hatuwezi kuiamuru. Tunachoweza kuamua ni barabara na mifereji. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta, vingine vikiwa juu ya mboji hiyo. Mnada ukafutwa Oktoba 2024, na mwaka uliofuata vikatangazwa vipya 52. Mjadala umekuwa juu ya mafuta yatakayochomwa. Mimi ningeuliza kwanza juu ya tuta la barabara ya kufikia kisima, kwa sababu tuta likikatiza kinamasi, maji hujaa upande mmoja na kukauka upande wa pili, hata kama kisima hakitatoa hata pipa moja.