Fomu za Maoni Zinasema Kongamano Lilikuwa Poa, Mbona Viti Vilikuwa Vitupu Saa Tisa?

Kuna kongamano moja la watengeneza programu nililojitolea kusaidia, pale Dar. Siku moja tu, Jumamosi. Kazi yangu ilikuwa mezani mlangoni: kutafuta jina kwenye orodha, kutoa beji, kutoa kuponi ya chakula.

Asubuhi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nyuma. Saa tisa alasiri nilipopita, viti vingi vilikuwa vitupu. Jioni tukagawa fomu za maoni. Waliobaki wakajaza. "Nzuri sana." "Hongereni." "Mwakani tena." Tukafurahi, tukapiga picha, tukaenda nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na dada mmoja niliyemkumbuka kutoka siku ile, maana alikuwa wa kwanza kabisa kufika. Nikamuuliza kama anaendelea na programu. Akasema hapana, aliacha. Kwenye warsha ya wanaoanza hakufanikiwa kupakua kitu hata kimoja, mwalimu akasonga mbele, wenzake wakaonekana wanaelewa. Ilipofika mchana akaondoka. Aliamini tatizo ni yeye, kwamba kichwa chake si cha mambo haya.

Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa intaneti ya ukumbi. Lakini hakuna fomu iliyotuambia hivyo, kwa sababu fomu ziligawiwa jioni na yeye aliondoka mchana.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila anayeandaa kongamano anatakiwa kulijua: fomu ya maoni inasikiliza waliobaki. Waliokwazwa zaidi walishaondoka.

Somo la ndege za vita

Jambo hili lina historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu wa takwimu Abraham Wald alifanya kazi New York na kundi la wataalamu waliosaidia jeshi la Marekani. Swali mojawapo lilikuwa hili: ndege zinarudi na matundu ya risasi, je, chuma cha kinga kiongezwe wapi?

Jibu la haraka ni kuongeza palipo na matundu mengi. Wald akaona kinyume. Hizi ni ndege zilizorudi. Zilizopigwa kwenye injini hazikurudi, ndiyo maana huoni matundu mengi kwenye injini. Kinga iende pale ambapo ndege zilizorudi hazina matundu.

Sasa rudi ukumbini. Fomu 60 ulizokusanya jioni ni ndege zilizorudi.

Alama nzuri inavyoweza kukudanganya

Waandaaji wengi siku hizi wanauliza swali moja: "Kutoka 0 hadi 10, una uwezekano gani wa kumshauri rafiki yako aje mwakani?" Kipimo hiki kinaitwa Net Promoter Score. Kilitangazwa na Fred Reichheld mwaka 2003 kwenye jarida la Harvard Business Review.

Hesabu yake ni rahisi. Waliotoa 9 na 10 ni wapenzi wako. Waliotoa 7 na 8 wako katikati, hawahesabiwi. Waliotoa 0 hadi 6 hawakuridhika. Chukua asilimia ya wapenzi, toa asilimia ya wasioridhika.

Tuseme watu 300 walikuja, 60 wakajaza fomu. 36 wametoa 9 au 10, hiyo ni asilimia 60. 15 wako katikati. 9 hawakuridhika, asilimia 15. Alama yako ni 45. Ukiipeleka kwa mdhamini atakupongeza.

Lakini umesikia watu 60 tu. Wengine 240 hujui walisema nini moyoni. Kama 100 kati yao waliondoka wamechukia, ile 45 haina maana yoyote.

Malalamiko yale yale, na hesabu zake

Kuna mambo matano ambayo washiriki huyalalamikia karibu kila mara. Mengi hayahitaji hela nyingi, yanahitaji hesabu ya mapema.

1. Intaneti imeganda. Watu 300 si vifaa 300. Kila mtu ana simu na kompyuta, kwa hiyo vifaa ni 600. WiFi ya ukumbi iliwekwa kwa ajili ya harusi na semina, ambako watu wanatuma picha tu.

Tena masafa ya WiFi ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukijaza vifaa vya kurushia WiFi kwenye ukumbi mmoja vyote vikitumia masafa hayo, vinaanza kupigiana kelele. Muulize mwenye ukumbi kama vifaa vyake vina 5 GHz, ambako njia ni nyingi zaidi.

Halafu kuna warsha. Watu 40 wanaambiwa kwa pamoja wapakue faili la GB 1. Hiyo ni GB 40. Kwa laini ya Mbps 50 iliyotulia, hata kama hakuna mwingine anayeitumia, ni karibu saa 1 na dakika 47. Warsha yenyewe ni ya saa mbili!

Dawa yake ni ndogo: tuma maelekezo wiki moja kabla ili watu wapakue mapema, na siku ya warsha njoo na flashi tano zenye faili lile lile. Si kila mtu ana bando la GB 1 nyumbani, kwa hiyo flashi ndiyo inayookoa wengi.

2. Foleni ya chakula. Watu 300, meza moja, kila mmoja anatumia sekunde 20 kupakua wali na kuku. Hizo ni dakika 100. Wa mwisho anakula wakati mada za mchana zimeshaanza. Weka meza mbili, watu wapakue pande zote mbili, foleni zinakuwa nne na dakika zinakuwa 25. Chakula ni kile kile, wapishi ni wale wale.

Na kwenye fomu ya kujiandikisha uliza mapema nani hali nyama na nani ana mzio. Usisubiri mtu ale saladi tu kisha uite hiyo ni chaguo.

3. Ratiba kusogea. Mgeni rasmi amechelewa, salamu zimekuwa ndefu, kila anayeshika maiki anasema itifaki imezingatiwa halafu anaizingatia upya. Dakika 40 zimekwenda. Nani anazilipa? Mtoa mada wa mwisho, ambaye mara nyingi ni kijana anayezungumza kwa mara ya kwanza. Pia anazilipa mshiriki anayekaa mbali, ambaye lazima aondoke mapema awahi daladala.

Anza na mada yenyewe saa iliyotangazwa. Mgeni rasmi akifika, mpe nafasi baada ya mada inayoendelea. Na mweke mtu wa saa kiti cha mbele akiwa na karatasi tatu: dakika 10, dakika 5, basi.

4. Mada zimegeuka matangazo, na wazungumzaji ni wale wale. Mdhamini ana haki ya kutajwa, ana haki ya meza yake. Lakini mshiriki aliyeacha kazi za Jumamosi kuja kujifunza akipewa nusu saa ya tangazo la bidhaa, anajua ameuzwa. Nafasi ya mdhamini iandikwe wazi kwenye ratiba kwamba ni ya mdhamini, kila mtu achague.

Kuhusu wazungumzaji wale wale, kuna mfano wa JSConf EU ya mwaka 2012. Waandaaji waliwahimiza wanawake watume mapendekezo, kisha wakachagua mada bila kuona majina. Robo ya waliopanda jukwaani wakawa wanawake. Hawakushusha kiwango, waliongeza tu watu wanaoomba.

5. Nilikaa peke yangu siku nzima. Hili halionekani sana kwenye fomu, maana anayelihisi huona aibu kuliandika. Anafika bila kumjua mtu, mapumziko ya chai anakuta watu wamesimama duara wamefungana, anajifanya anaangalia simu.

Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa Write the Docs, alieneza kanuni rahisi inayoitwa kanuni ya Pac-Man. Mkisimama duara, acheni nafasi ya mtu mmoja, kama mdomo wa Pac-Man kwenye ule mchezo. Mtu akiingia, sogeeni, mwache nafasi nyingine. Mshereheshaji akiisema asubuhi kwa dakika moja, utaona tofauti kwenye chai.

Lugha nayo inahusika hapa. Mada inaweza kuwa kwa Kiingereza, sawa. Lakini tangaza wazi kwamba maswali kwa Kiswahili yanakaribishwa. Kuna watu wana swali zuri na wanalimeza kwa kuogopa sarufi.

Uulize vipi ili usikie waliokwisha kuondoka?

Kwanza, usisubiri jioni. Uliza wakati wa chakula cha mchana, watu wote wakiwa bado wapo. Maswali matatu yanatosha: Kipi kimekufaa? Kipi kimekukwamisha? Tubadilishe nini mchana huu? Jibu la mchana unaweza kulifanyia kazi siku ile ile.

Pili, hesabu viti. Mtu mmoja apite kila saa na kuandika idadi ya watu kila chumba. Ukiona chumba cha warsha kimetoka watu 40 hadi 15, umepata maoni bila fomu.

Tatu, tuma ujumbe kesho yake kwa waliochukua beji, hasa wasiojaza fomu. Usiulize "ulifurahia?" maana atajibu ndiyo kwa adabu. Sisi watu wa pwani hatupendi kumvunjia mwenyeji heshima. Uliza: "Uliondoka saa ngapi, na ni kitu gani kilikufanya uondoke?" Swali hili linamruhusu kusema kweli.

Nne, waulize pia waliojiandikisha na hawakuja. Labda nauli. Labda tangazo lilichelewa. Labda mama hakuwa na wa kumwachia mtoto.

Tano, usikusanye usichohitaji. Jina si lazima kwenye fomu ya maoni, na mtu hujieleza zaidi akijua hatajulikana. Tena Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019. Namba za simu za washiriki si zawadi ya kumpa mdhamini bila ridhaa yao.

Sita, na hili ndilo linalosahaulika: rudisha majibu. Andika ujumbe mfupi, "Mlisema foleni ilikuwa ndefu, mwakani tutakuwa na meza nne." Mtu akiona neno lake limefanya kazi, mwakani atajaza fomu bila kubembelezwa.

Na wewe mshiriki?

Waandaaji wengi ni watu wa kujitolea. Wana kazi zao, wameacha familia, wengine wametoa hela mfukoni. Ukiandika "WiFi mbovu" unawaumiza na huwasaidii. Andika: "Saa 5 asubuhi, chumba cha warsha, sikuweza kupakua programu, nikapitwa na somo lote." Hapo umempa mtu kitu cha kurekebisha. Sema pia kilichokuwa kizuri, kwa sababu wasipojua kwamba kimekufaa wanaweza kukiondoa mwakani.

Na usiondoke kimya kimya. Kama umekwama, mwinulie mkono mtu mwenye beji ya waandaaji, mwambie. Mara nyingi msaada upo hatua tatu tu.

Makongamano haya yanazidi kutusogelea. PyCon Africa ya kwanza ilifanyika Accra, Ghana, mwaka 2019. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaja Arusha. Zamani ilibidi uwe na viza na tiketi ya ndege. Leo mtu wa Mbagala au Kisumu anaweza kupanda basi akafika.

Basi tusimpoteze mtu huyo kwa sababu ya faili la GB 1. Yule dada wa kwanza kufika, laiti mtu mmoja tu angemuuliza mchana ule amekwama wapi, jibu lingekuwa flashi moja na dakika kumi.

Je, wewe umewahi kuondoka kwenye kongamano kabla halijaisha? Ulimwambia mtu sababu?