CHAGUA VYEMA VITU VYA PILIPILI YA CHUPA

Huku Funzi samaki huliwa kwa pilipili, na mkulima aweza kuisaga mwenyewe. Lakini vitu vikiwa vibovu chupa haikai, hata mpishi awe hodari.

Kwanza, pilipili. Pilipili mbuzi ina harufu nzuri. Pilipili kichaa ni ndogo lakini kali, basi tia chache. Chuma zilizoiva, ngumu, zenye ngozi nzima. Yenye ukungu itupe yote; usikate upande mmoja, kwani ukungu hupenya ndani.

Pili, uchachu. Tia siki au ndimu, wala usiongeze maji. Uchachu ndio uzuiao vijidudu. Ukwaju na embe mbichi huongeza ladha na uchachu, lakini visichukue nafasi ya siki au ndimu.

Tatu, chumvi safi na kitunguu saumu kisichochipua. Angalia sana: usikihifadhi kitunguu saumu kibichi katika mafuta matupu. Humo huweza kuzaliwa sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Chemsha pilipili, uitie ingali moto katika chupa iliyochemshwa. Ikiota ukungu, au kifuniko kikivimba, mwaga yote bila kuonja.