Kutoka semi hadi lobedi: dereva wa mzigo mzito ajue nini

Vijana wengi wanaoendesha semi za kawaida kati ya Dar es Salaam na Tunduma wana hamu ya kuhamia lobedi, yale matela ya chini yanayobeba makatapila, transfoma na mitambo ya migodini. Wanadhani kinachohitajika ni ujasiri. Sisi tunasema anza na hesabu.

Kwa sheria ya Afrika Mashariki, gari lenye ekseli saba halipaswi kuzidi tani 56, pamoja na kichwa, tela na mzigo wake. Lakini lobedi nyingi zina ekseli tatu, na kichwa chake tatu. Ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, pacha ya nyuma ya kichwa tani 18, na zile tatu za tela tani 24. Jumla ni tani 50 tu. Tuseme gari tupu lina tani 22, nawe unapakia katapila la tani 30. Umefika 52, na katapila halikatwi vipande viwili ukaliacha nusu pale mizani ya Vigwaza!

Ndiyo maana mzigo wa namna hii una kibali chake, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na TANROADS. Bosi atakwambia, "Nenda tu, karatasi zinakuja." Usiondoke. Kibali kinataja gari, mzigo na njia, basi kisome mwenyewe na ulinganishe na namba za gari lako. Ukikamatwa, bosi yuko ofisini. Wewe ndiye unayelala barabarani na katapila la watu.

Njiani mambo hubadilika. Lobedi iko chini, kwa hiyo tuta ambalo semi inalipita bila shida linaweza kukukwamisha tumbo. Nyaya za umeme nazo ziangalie kabla hujafika. Kwenye mteremko kama Kitonga, ingia na gia ndogo tangu juu, maana breki zikishika moto katikati ya mlima huna pa kwenda. Minyororo kazaa, tembea kilomita chache, simama ukaze tena. Mzigo hujitafutia nafasi ukianza kutembea.

Leseni ya daraja E unayo tayari, lakini kozi ya magari makubwa ya pale NIT Mabibo inasaidia. Hata hivyo, ushauri wetu ni huu: kubali kurudi utingo miezi michache chini ya dereva mzoefu wa lobedi. Inauma kwa mtu aliyezoea kushika usukani, tunajua.

Kisha kuna posho. Lobedi haikimbii, na mzigo mpana kwa kawaida husafiri mchana tu, hivyo safari zako kwa mwezi zitapungua. Kabla hujaacha semi, uliza siku za kusubiri kibali zinalipwaje, na jibu liandikwe kwenye mkataba.