Asanseri moja, mashine tano: aina za lifti za nyumbani na gharama zake

Hapa Lubumbashi tunasema asanseri, neno tulilolichukua kwenye Kifaransa na kulipa mwisho wa Kibantu. Tanzania na Kenya wanasema lifti, na ndilo nitakalotumia katika makala hii, ingawa huko mtu pia "huomba lifti" barabarani kwa mwenye gari. Kamusi zinaongeza kambarau, ambalo mabaharia wa pwani walikuwa nalo tayari kama jina la mojawapo ya kamba za jahazi. Maneno matatu, na yote yana kasoro ileile kwa mtu anayetaka kununua: yanataja kazi, hayataji mashine. Ukisema asanseri umesema kitu kinachokupandisha. Hujasema kama kinakupandisha kwa kamba, kwa mafuta, kwa skrubu, kwa hewa au kwa reli.

Mimi jambo hili lilinifikia kama kazi ya tafsiri. Nkambo yangu (kwetu "bibi" ni mke wa mtu, kwa hiyo nasema nkambo) anaishi juu katika nyumba ya ghorofa ya baba mdogo, na magoti yake hayakubali tena ngazi. Siku ya kanisa wajukuu wawili humbeba, naye hapendi kubebwa. Familia ilipokea devi tatu, mbili kwa Kifaransa na moja kwa Kiingereza kilichoandikwa China. Nikaombwa kuzitia katika Kiswahili ili kila mtu, yeye mwenyewe kwanza, aweze kusema neno kwenye kikao. Kichwa cha zote tatu kilikuwa kimoja, asanseri ya nyumbani, lakini bei zilipishana zaidi ya mara mbili. Wajomba wakaanza kutafuta mwizi ni nani. Hakukuwa na mwizi. Zilikuwa mashine tatu tofauti chini ya jina moja.

Tuanze na ya kamba, inayojulikana na kila aliyewahi kuingia katika jengo refu. Kabini inaning'inia upande mmoja wa gurudumu, na upande wa pili unaning'inia uzito wa kusawazisha. Uzito huo huwa sawa na kabini tupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake wa juu kabisa. Chukua kabini ya kilo 500 inayoruhusiwa kubeba kilo 400: uzito wa kusawazisha utakuwa karibu kilo 700. Mota basi haiinui kilo 900, inashughulika na tofauti ya kilo 200 tu. Ndiyo maana lifti hii haili umeme mwingi. Lakini hesabu hiyohiyo ina tokeo ambalo wengi hawalitegemei. Akiingia mtu mmoja wa kilo 60, upande wa kabini una kilo 560 dhidi ya 700, yaani kabini inataka kupanda. Umeme ukikatika, breki hushika na mtu hubaki alipo, mpaka betri ya dharura imfikishe mlangoni au fundi aifungue breki taratibu, na hapo huenda akaenda juu badala ya kushuka. Kuhusu hofu ya kamba kukatika, jibu ni la zamani: Elisha Otis alionyesha mjini New York mwaka 1854 breki inayoikamata kabini kamba ikiachia. Tangu mwaka 1996, KONE ya Finland ilipotoa lifti isiyohitaji chumba cha mashine juu ya paa, aina hii imekuwa rahisi zaidi kuingizwa katika majengo madogo. Bado inadai shimo chini na nafasi kubwa juu ya kabini.

Neno "shimo" lilitusumbua. Kifaransa kinatofautisha cuvette, lile shimo fupi chini ya kituo cha kwanza, na gaine, njia nzima ya wima ambamo kabini inapita. Katika mji wa migodi "shimo" ni kitu kirefu. Mjomba mmoja aliposikia nyumba itachimbwa shimo, alifikiria Kipushi. Nimeamua kusema shimo la chini kwa ile ya kwanza na mnara wa ndani kwa ile ya pili. Nisingeling'ang'ania neno "mnara", ila tofauti yenyewe lazima ibaki, kwa sababu vitu hivyo viwili hulipwa mbalimbali na mara nyingi na watu mbalimbali.

Lifti ya mafuta inafanya kazi kama jeki ya gereji. Pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda, pistoni inapanda na kabini pamoja nayo. Kushuka hakuhitaji pampu: vali inafunguka kidogo, uzito wa kabini unarudisha mafuta kwenye tangi. Kwa hiyo umeme ukienda, betri ndogo ya kufungua vali inatosha kumshusha mtu hadi chini. Nkambo alikuwa ameuliza swali moja tu tangu mwanzo, "Courant ikikatika, nitabaki wapi?", na mashine hii ndiyo iliyomjibu vizuri zaidi. Ubaya wake: pampu inanyanyua mzigo bila kusaidiwa na uzito wa upande wa pili, hivyo inavuta umeme mwingi wakati wa kupanda, mafuta yanaweza kuvuja, na mwendo ni wa polepole. Kwa nyumba ya ghorofa moja au mbili, polepole si kosa.

Ya tatu ni ya skrubu. Nguzo ndefu yenye nyuzi imesimama wima, nati inaizunguka, na jukwaa linapanda pamoja na nati. Shimo la chini linaweza kuwa la sentimita 5 tu, au lisiwepo kabisa ukiweka kijiteremko mlangoni, na mashine nyingi za aina hii huja na mnara wake wa chuma na kioo. Hapa mwanaisimu anapata chakula chake. Sheria ya lifti ya Umoja wa Ulaya, agizo 2014/33, inaviacha nje vyombo visivyozidi mwendo wa mita 0.15 kwa sekunde, na vyombo hivyo huangukia sheria ya mashine za kawaida. Mpaka wa maana ya neno, kumbe, umechorwa kwa mwendo! Muuzaji anaendelea kusema asanseri, lakini kisheria huko Ulaya si asanseri. Mnunuzi anaihisi tofauti hiyo kwenye kidole: jukwaa lisilofungwa pande zote huenda tu wakati umebonyeza kitufe, ukiachia linasimama. Kutoka sakafu hadi sakafu, mita 3.2, ni kama sekunde 21 za kubonyeza. Kwa mwenye vidole vya baridi yabisi, sekunde 21 ni nyingi.

Ya hewa niipitie haraka. Ni bomba la plastiki angavu. Pampu inanyonya hewa juu ya kabini, na hewa ya chini inaisukuma kupanda. Haihitaji shimo, na umeme ukikatika inashuka yenyewe polepole. Niliulizwa kama itafaa Lubumbashi, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi ambako hewa ni nyepesi. Tofauti ya shinikizo inayohitajika ni ndogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa yetu, kwa hiyo mwinuko peke yake si kizuizi. Kizuizi ni nafasi: mabomba mengi ni membamba mno kwa kiti cha magurudumu. Kiti pamoja na msaidizi wake vinataka kabini ya sentimita 110 kwa 140.

Na ya mwisho, ambayo wauzaji wengine huiita lifti kwa ukarimu tu, ni kiti cha ngazi. Reli inafungwa kwenye vidato, kiti kinapanda juu yake kwa betri inayochajiwa kituoni, hivyo umeme ukikatika bado kina safari kadhaa. Ngazi ikiwa imenyooka ni jibu la bei nafuu kuliko yote. Ikiwa na kona, reli inatengenezwa kwa kipimo cha ngazi hiyo moja, na siku ukihama haimfai mwingine.

Sasa fedha. Marekani, ambako soko hili ni kubwa na bei hutajwa wazi, kiti cha ngazi iliyonyooka hugharimu kama dola 3,000 hadi 5,000 pamoja na kufungwa, na cha ngazi yenye kona huanzia karibu 10,000. Lifti kamili ya nyumbani, iwe ya kamba, ya mafuta au ya hewa, mara nyingi huwa kati ya dola 30,000 na 60,000. Ndipo devi ya China inakuja na tarakimu iliyo chini ya 15,000, na kikao kinashangilia. Soma herufi zilizo kando ya bei: FOB. Maana yake ni mashine ikiwa imepakiwa melini kwao. Baharini, Dar es Salaam au Durban, Zambia, Kasumbalesa, forodha, TVA ya asilimia 16, fundi, mwashi wa mnara, kirekebisha umeme: hayo yote ni yako. Uliza pia kama mota inataka umeme wa fezi moja au tatu, maana kuvuta fezi tatu hadi nyumbani ni mradi mwingine. Kisha uliza nani atakuja ikigoma, na anakaa mji gani. Kwa maoni yangu, lifti ghali kidogo yenye fundi Lubumbashi ni rahisi kuliko ile ambayo fundi wake hupanda ndege.

Kuna hesabu moja ya lugha iliyobadilisha devi yetu. Bei hupanda kwa idadi ya vituo, kwa kuwa kila kituo kina mlango wake, kufuli na nyaya. Baba mdogo alikuwa amesema nyumba ni ya "ghorofa mbili", akihesabu chini na juu. Muuzaji akaandika kwa Kifaransa deux étages, na kwa Kifaransa chini hakuhesabiwi: akatupigia bei ya milango mitatu. Mchina angehesabu chini kuwa ya kwanza, na "étage moja" yetu ingekuwa nyumba isiyohitaji lifti kabisa. Tuliomba devi upya bila neno ghorofa wala étage: vituo viwili, chini na juu; sakafu hadi sakafu sentimita 320; milango miwili. Bei ilishuka, na sasa wajomba wanabishana kuhusu mafuta na skrubu.