Askari wa mwili wakimpiga mwenye nyumba

Rafiki msomaji, wewe wa bonde la Kilombero malaria unaijua. Vimelea vikiingia, chembechembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kumnasa adui. Chanjo nayo huwaamsha askari hao. Ndiyo sababu mwaka 1993 watafiti wa Ifakara waliijaribu chanjo ya malaria, SPf66, kwa watoto wa Idete.

Je, askari hao wanaweza kumpiga mwenye nyumba? Ndiyo! Kwa kawaida mwili huwaondoa wanaokosea, ila wengine hupenya. Wengine huzuka baada ya maambukizo kama malaria, kisha mara nyingi hupotea. Kwa watu wachache hubaki. Hushika protini za damu yako mwenyewe, na damu huganda ndani ya mishipa bila jeraha lolote. Daktari Graham Hughes wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1983.

Utautambua vipi? Mguu mmoja huvimba na kuuma. Bonge la damu likifika mapafuni, pumzi hubana ghafla. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Mama mjamzito anaweza kuharibikiwa mimba tena na tena.

Mtaani watasema, "Huyo karogwa." Wapi! Wala si kosa lake. Dada yako akivimba mguu mmoja ghafla, msiukande, msingoje. Mpelekeni hospitali leo hii. Damu itapimwa, na kurudiwa baada ya wiki 12. Dawa za kuzuia damu isigande zipo, lakini ni za kupewa na daktari tu.